Mkono Uliogusa Skrubu

Sabuni zilipangwa mezani kwa Bosi kama watu kwenye gwaride la utambulisho, na Bi Kwanini alizipitia moja moja akiwa ameinama, mikono nyuma, bila kuzigusa. Zote zilitoka kwenye meza moja ya kukatia, zote zilinukia limau, zote zilikuwa na nembo ileile ya ua mgongoni. Lakini hii ilikuwa ndefu mpaka boksi lake likakataa kufunga mdomo, na ile ilikuwa fupi hivi kwamba ukilitikisa boksi inapepesuka ndani kama mlevi, ikimeguka pembe. Zilizokaa sawasawa zilikuwepo pia, tena nyingi, na hilo ndilo lililomtatiza. Mashine mbovu hukosea kila siku. Hii ilikosea ilipojisikia kukosea.

"Hapa kuna mkono wa mtu," alisema Bosi. "Na mwenye mkono tunamjua."

"Kwa nini unasema tunamjua?"

Bosi alishusha pumzi. Alikwisha kuonywa juu ya mama huyu. Bi Kwanini alikuwa ametumikia polisi, idara ya wizi, mpaka akastaafu, kisha akakataa katakata kukaa nyumbani kumwagilia maua. Siku hizi viwanda vilimwita bidhaa zilipoharibika na kila mtu akiapa kwamba hana hili wala lile. Jina la Bi Kwanini alipewa na watuhumiwa wake wa zamani. Aliuliza kwa nini, ukajibu, akauliza kwa nini juu ya jibu lako, akaendelea hivyo kwa upole uleule mpaka mtu aseme kweli au aombe maji ya kunywa. Wengi walianza na maji.

Bosi alimtuhumu fundi mitambo, mtu ambaye kiwanda kizima kilimwita Spana. Jumatatu alikuwa amesimama uani mbele ya wafanyakazi wote akamwita mhujumu, akatangaza kwamba Ijumaa jioni arudishe funguo aende zake. Ijumaa yenyewe ndiyo leo. Sababu alizotoa ni kwamba mlinzi alimwona Spana nje ya geti akizungumza na muuzaji wa kiwanda kingine cha sabuni, na kwamba kila Spana alipoitengeneza meza ya kukatia, sabuni za siku iliyofuata zilikwenda segemnege kuliko mwanzo.

Sababu ya kwanza Bi Kwanini alikwisha kuizika jana. Muuzaji yule alikuwa anamwoa binti wa Spana, na pale getini mtu na mkwewe walikuwa wakivutana juu ya tarehe ya harusi. Hata mke wa Spana alithibitisha, tena kwa hasira, maana tarehe zote mbili hazikumfaa. Ya pili ndiyo iliyomkaa kooni. Alikuwa amewauliza akina mama wa kufungasha mmoja mmoja, kila mtu peke yake, na wote walisema vilevile. Spana akiigusa meza leo, kesho yake sabuni zinakuwa fupi, maboksi yanalialia. Ilikuwa kweli tupu, na mpelelezi hawezi kuifumbia macho kweli kwa sababu tu anamwonea mtu huruma.

Alimkuta Spana kwenye karakana yake, akifuta vifaa kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mafuta na kuvitundika ukutani, kila kimoja penye mchoro wake. Hakuna alichokuwa anapakia. Alikuwa anamwachia vizuri fundi atakayekuja baada yake, na Bi Kwanini, ambaye alikwisha kuona wahujumu wengi, hakuwahi kuona mmoja anayefanya hivyo.

Akamuuliza anafanya nini hasa anapoitwa kwenye ile meza. Spana akamwonyesha kipimo chake cha chuma, kipande kilichochongwa urefu sahihi wa sabuni. Meza ile, alieleza, ina waya unaokata na kizuizi ambacho mche wa sabuni unagota. Ukizungusha skrubu, kizuizi kinasogea. Kikienda mbali na waya sabuni inarefuka, kikija karibu inafupika. Yeye huweka kipimo kati ya waya na kizuizi, anazungusha mpaka kimebana, basi. Akirudi siku nyingine anakuta kizuizi kimehama.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, mama. Nikaambiwa najitetea."

"Sasa utafanya nini?"

Spana alitundika koleo, akasogea nyuma kuangalia kama limekaa sawa. "Kazi nitapata. Mikono ninayo. Lakini watu wote wale waliosikia naitwa mhujumu, nitawakusanya wapi tena niwaambie si kweli?"

Hakusubiri jibu, akachukua kifaa kingine. Bi Kwanini aliondoka pale akitembea kwa kasi kuliko alivyokuja, maana jioni haikuwa mbali kiasi hicho.

Meza ya kukatia ilikuwa mwisho wa ukumbi, chini ya dirisha kubwa. Zamu ya asubuhi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuchangamka, na mkataji, pande la mtu lililokuwa likipiga mluzi, alimpisha kwa heshima akaenda kuleta miche kwenye rafu. Bi Kwanini aliupiga waya kwa ukucha, ukalia kwa sauti kali, hauna ulegevu. Alikitikisa kizuizi, hakikucheza. Meza yote ilikuwa imepakwa utando mweupe wa sabuni, miguu yake, kingo zake, hata kibao cha onyo kilichokuwa hakisomeki tena. Kitu kimoja tu kiling'aa. Kichwa cha skrubu kilikuwa safi, chuma kitupu, kimesuguliwa na vidole.

Aliinama akanusa. Kwanza limau, kama kila kitu humo ndani. Chini ya limau kulikuwa na harufu nyingine iliyompanda puani na kumtoa machozi kidogo. Dawa ya kuchua, ile ya kopo dogo, ambayo wazee hujipaka magotini. Akajaribu kuizungusha skrubu kidogo, na ilimbidi akaze mkono mpaka kiwiko, kisha akairudisha ilipokuwa. Mtu haigeuzi skrubu ile kwa bahati mbaya.

Mkataji aliporudi na miche, Bi Kwanini alimsalimu upya na kumuuliza habari za watoto. Walikuwa pacha, na kwa sababu yao kiwanda kizima kilimwita Baba Pacha. Mama Pacha naye alifanya kazi hapo hapo, kwenye meza hiyo hiyo, zamu ya mchana. Mmoja akitoka mwingine anaingia, wanapishana mlangoni, watoto wasikae peke yao nyumbani.

"Skrubu hii unaigusa?" Bi Kwanini aliuliza.

"Kila siku." Baba Pacha hakupepesa macho. "Nikiingia tu, nusu mzunguko ndani."

"Kwa nini?"

Kwa sababu mke wake anaiacha nusu mzunguko nje. Kwa nini? Kwa sababu miche ya asubuhi imelala, imepoa, imekaza. Lakini miche ya mchana imepikwa asubuhi hiyo hiyo, bado ina joto, na sabuni yenye joto husinyaa ikipoa. Kwa hiyo Mama Pacha akiingia anaisogeza nje kidogo, anakata ndefu kidogo, na sabuni ikishapoa kwenye rafu inarudi kipimo. Baba Pacha kesho yake anairudisha ndani. Nusu nje, nusu ndani, hesabu inarejea palepale. Kwa nini hawakumweleza Bosi? Baba Pacha alicheka. Bosi hakuwahi kuuliza.

Bi Kwanini alikubali kwamba hesabu inarejea palepale. Na ikiwa inarejea, basi si hiyo inayoharibu. Akabadili njia.

"Wewe unaumwa wapi?"

"Mimi? Mzima kabisa."

"Mbona mikono yako inanukia dawa ya kuchua?"

Baba Pacha alivitazama viganja vyake kama vimemchongea. Bega la mke wangu, akasema, linamsumbua tangu masika. Siku akiamka analalamika, namchua kabla sijaja kazini. Siku nyingine liko shwari, simchui. Bi Kwanini akauliza kama huko nyumbani huwa wanazungumza habari za mashine. Hapo jitu lile likaona haya. Zamani walizungumza, tena sana. Kila mmoja akidai sabuni zake ndizo nzuri, mpaka siku moja wakawakuta pacha chini ya meza wanaigiza ule ugomvi, mmoja baba mmoja mama, neno kwa neno. Tangu siku hiyo walikata kauli kwamba jina la mashine halivuki kizingiti cha nyumba yao.

"Hata kidogo?"

"Hata akiniuliza sabuni ya kuogea iko wapi, nanyoosha kidole tu."

Bi Kwanini alicheka, na alipomaliza kucheka alikuwa amekwisha kuona njia. Skrubu ngumu, bega bovu, mume mwenye mapenzi, na nyumba ambayo neno mashine ni mwiko. Lakini kuona njia si ushahidi, na Bosi hangemwacha Spana kwa ajili ya harufu ya dawa. Alitoa penseli ya seremala, akaifuta skrubu, akachora mstari mmoja kuanzia kichwa cha skrubu mpaka kwenye ubavu wa meza. Akamwambia Baba Pacha asihangaike nao, ni mambo ya ofisi, kisha akaenda kukaa nyuma ya lundo la maboksi kwenye ghala la ufungaji, mahali alipoweza kuiona meza naye asionekane. Akina mama wa kufungasha walimpa stuli, wakaendelea kupiga soga kana kwamba hayupo.

Asubuhi yote mstari haukukatika. Baba Pacha alikata, akapanga, akapiga mluzi, hakuigusa tena skrubu. Sabuni zilitiririka kwenye trei zikifanana kama ndugu wa tumbo moja. Kisha kengele ya kubadilishana zamu ikalia. Wenzake wakaelekea bombani kunawa. Yeye akabaki nyuma. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, mfano wa mwizi wa kuku, akanyoosha mkono, akaikamata skrubu na kuizungusha nusu mzunguko nje kwa nguvu. Akaipigapiga meza mgongoni, akaenda zake kunawa, mluzi mdomoni.

Bi Kwanini hakunyanyuka. Aliyemsubiri aliingia muda si mrefu, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, akifunga aproni huku amekunja uso kwa maumivu ya bega. Mama Pacha aliisogelea meza, akasaga meno, akashika skrubu kwa mikono miwili, akaizungusha nusu mzunguko nje. Akachukua mche wa kwanza.

"Usikate, mama," alisema Bi Kwanini akitokea nyuma ya maboksi. "Hebu mwite mumeo kwanza."

Aliwaita na wengine. Bosi alikuja na kalamu sikioni, Spana alikuja na funguo mkononi, tayari kuzikabidhi. Baba Pacha alifika maji yakimdondoka viwikoni. Bi Kwanini aliwaonyesha ule mstari wa penseli. Upande wa meza ulikuwa pale pale. Upande wa skrubu nao ulikuwa umezunguka mzunguko mzima na kurudi ulikoanzia, nusu kwa mkono wa mume na nusu kwa mkono wa mke; angekuwa ameigusa mke peke yake, mstari ungekuwa umekatika.

"Nusu ya pili ni kazi ya Mama Pacha ya kila siku," alisema. "Nusu ya kwanza ni ya nani, Baba Pacha, na kwa nini?"

Baba Pacha alimtazama mkewe, si Bi Kwanini. "Siku bega linapomuuma naigeuza mapema. Skrubu ni ngumu. Nilitaka akute imekwisha geuzwa."

"Mbona hukuniambia?" Mama Pacha aliuliza.

"Ni habari ya mashine."

Mama Pacha alijifunika mdomo kwa aproni. Kila mtu alidhani analia, mpaka mabega yalipoanza kutikisika, hata lile bovu, na ikajulikana kwamba anacheka. Akasema, sauti ikitokea ndani ya kitambaa, kwamba na yeye hufanya hivyo hivyo. Siku akimwona mumewe ameamka na macho mekundu kwa sababu pacha hawakumwacha alale, jioni yake, kabla ya kuondoka, humrudishia skrubu nusu mzunguko ndani ili asubuhi asihangaike. Naye Baba Pacha, asiyejua lolote, hufika asubuhi na kuirudisha tena.

Basi ndiyo hivyo. Siku bega lilipouma, sabuni zilirefuka. Siku pacha walipokesha, zilifupika. Siku nyumba ilipolala vizuri na bega likatulia, zilitoka sawasawa, na kiwanda kizima kikapumua bila kujua kimepumulia nini. Bi Kwanini aliyasema haya taratibu ili Bosi ayameze.

"Na Spana?" Bosi hakutaka kukubali kirahisi. "Mbona akiigusa yeye inaharibika zaidi?"

"Spana anaitwa lini?"

Mchana, Bosi alijibu, sabuni mbovu zikionekana. Bi Kwanini akamgeukia Spana, naye akawa amekwisha kuelewa. Yeye huja mchana, wakati wa miche ya joto, anarudisha kizuizi kwenye kipimo chake cha chuma. Lakini wakati huo Mama Pacha amekwisha kuigeuza nusu yake, na hana habari kwamba imerudishwa. Kwa hiyo sabuni zake za joto zinakatwa kwa kipimo cha baridi, zikipoa zinakuwa fupi. Kesho yake Baba Pacha anafika, anaondoa nusu ambayo Spana alikwisha kuiondoa, na zake nazo zinakuwa fupi. Fundi alikuwa akitengeneza kwa haki kabisa, na kutengeneza kwake ndiko kulikozidisha uharibifu.

"Sasa tufanye nini?" Bosi aliuliza. "Niwapige marufuku kuigusa?"

"Ukiwapiga marufuku, sabuni za joto zitatoka fupi. Wanaigusa kwa sababu miche inatofautiana. Ondoa tofauti ya miche, hakuna atakayekuwa na haja ya kuigusa."

Akawaomba jambo moja. Ile miche ya leo yenye joto iachwe ilale mpaka kesho, na badala yake iletwe miche iliyolala tangu jana. Spana aliweka kipimo chake cha chuma, akabana kizuizi. Baba Pacha akakata mche mmoja, Mama Pacha akakata mwingine, skrubu haikuguswa. Bi Kwanini alichukua kipande cha mume na kipande cha mke, akavisukuma kwenye maboksi mawili. Vyote viwili viliteleza mpaka chini, vifuniko vikafunga bila kusukumwa. Akalitikisa boksi sikioni mwa Bosi. Hapakusikika kitu.

Bosi alilalamika kwamba rafu hazitoshi kulaza miche ya siku nzima. Zimejaa mbavu kwa mbavu. Bi Kwanini akamuuliza zimejaa nini, akaona kalamu inatoka sikioni na kurudi sikioni. Zilikuwa zimejaa sabuni mbovu zilizorudishwa na wateja.

Spana alipiga magoti, akafunga nati kwenye skrubu ili isizunguke tena kwa mkono, akaikaza. Ilikuwa kazi ndogo sana, na aliifanya polepole, akiifurahia. Waliokuwa karibu walianza kutabasamu, hata Bi Kwanini alianza kutafuta mkoba wake, ndipo Bosi akatia kitumbua mchanga.

"Sawa. Lakini nimepoteza wateja, na nilisema Ijumaa kuna mtu ataondoka. Hawa wawili watoe aproni."

Akina mama wa kufungasha waligeuka wote. Mama Pacha hakuwa akicheka tena. Bi Kwanini alifungua mdomo, lakini Spana alimtangulia, bado yuko chini, spana mkononi.

"Bosi, wakitoka hao na mimi natoka. Funguo hizi hapa."

"Wewe?" Bosi alishangaa kikweli. "Wamekupaka matope hawa!"

"Hawakunipaka hawa." Spana alisimama. "Hawa walikuwa wanasaidiana. Aliyeniita mhujumu ni mtu mwingine."

Akamnyooshea Bosi funguo. Bosi alimtazama Bi Kwanini, akitumaini labda ataulizwa kitu chochote, hata kwa nini, apate pa kupumulia. Bi Kwanini kwa mara ya kwanza tangu afike hakuuliza. Bosi alishika tama kidogo, akasema aproni zibaki. Spana akaitikia kwa kichwa, lakini funguo hakuzirudisha mfukoni.

"Na lile la uani?"

Bosi alielewa. Ni lazima aliona gharama yake, maana alilowa ghafla kwa jasho. Lakini hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu aliyezoea kusema kwanza. Akatoka nje. Zamu ya asubuhi ilikuwa bado uani ikisubiri kuondoka, zamu ya mchana ikichungulia milangoni, na akina mama wa kufungasha walitoka wote, hakuna aliyewaita. Bosi alipanda kwenye jukwaa la kupakilia mizigo, pale pale aliposimama Jumatatu.

"Nilimwita fundi wetu mhujumu," alisema. "Haikuwa kweli. Nilikosea mimi."

Sauti ilimkauka mwishoni, na mama mmoja wa kufungasha akasema kwa adabu kwamba huku nyuma hawajasikia. Bosi akakohoa, akarudia yote kwa nguvu, mishipa ya shingo imemsimama. Watu wakapiga makofi. Mama Pacha alipiga kwa mkono mmoja kwenye bega la mumewe.

Spana alibaki amesimama katikati ya ua, akimtazama Bosi, macho yanang'aa.

"Sema tena," akasema.

"Hujasikia?"

"Nimesikia, Bosi. Nimeipenda."

Bosi alivuta pumzi, akasema mara ya tatu, na safari hii hata waliokuwa wakipita barabarani waligeuka kumtazama fundi.